Shehe wa Kona Yetu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Bango limesimama. Kona yote ya mkahawa wa zamani imezungushiwa mabati ya buluu, na juu ya mabati kuna picha ya jengo la ghorofa tano, jeupe kama meno ya bandia. Kwenye roshani ya ghorofa ya tatu kachorwa mwanamke ameshika kikombe. Anatabasamu. Anatazama chini. Nikasimama njiani, nikayafuata macho yake mpaka yanapoishia.

Anatazama ua wetu!

Si karibu na ua wetu. Ua wetu. Pipa la maji, kamba ya nguo na mkeka wa Bibi.

Acha niliandike vizuri, maana mtaa wetu mzima wa Shika Adabu, Likoni, hakuna mwingine anayelifikiria. Bibi yangu, Bi Mwanasaumu, kila alasiri huvua leso, hufumua nywele na kuketi uani kichwa wazi, upepo ukampitia. Tangu Babu afariki hakuna mwanamume aliyeziona nywele hizo. Ua una kuta nne, na juu yake yuko Mungu peke yake. Sasa juu atakuwepo Mungu na wapangaji.

Nikamwambia. Hakupiga kelele. Alisema watu wakihamia kule juu, yeye ataingia ndani. Kwisha. Akaendelea kuchambua mchele. Ndani ni chumba chenye dirisha la ukubwa wa sahani!

Lakini mimi nimesoma. Nina shahada ya historia, daraja la kwanza, na huu mwaka wa pili nasubiri kazi, kwa hivyo nafasi ya kufikiri ninayo tele. Jengo hili halitainuka.

Mbele ya mabati, chini ya mwavuli, wamemketisha msichana wa kuuza fleti. Anaitwa Lynnette, katoka Nakuru, viatu vinametameta. Kaniita sister. Akanieleza kwamba kila fleti iko na vyumba mbili. Nikamsahihisha: vyumba viwili. Akanishukuru sana, akaniuliza nachukua ya ghorofa ya ngapi.

Vita vimeanza.

Alhamisi, 7 Agosti

Kikao cha maoni ya wananchi. Turubai, viti vya plastiki, na nyuma kabisa masufuria ya pilau, ambayo ndiyo yaliyowaleta wananchi. Nilikuwa na hoja kumi na moja. Upepo, mwanga, maji machafu, staha, urithi. Nilizipanga kwa uzito. Kila msemaji alipewa dakika tatu.

Sasa, mtu aliyelelewa hapa hasimami mbele ya wazee akaanza kubwata. Nikatoa salamu. Nikawaamkia wazee wa kulia, wazee wa kushoto na akina mama. Nikamrehemu Babu. Nikawarehemu wote waliowahi kunywa kahawa kwenye kona ile. Nikamsifu mwenye mradi, Bwana Abubakar, kwa kuwa ni mtoto wa mtaa aliyekwenda mbali na asisahau kwao. Humkosoi mtu kabla hujamtaja kwa wema. Nikasema sisi hapa ni watu wakarimu, na mgeni humpokea kwa mikono miwili. Nikavuta pumzi. Nikasema, "Lakini..."

Kengele ikalia.

Makofi! Mwenyekiti alisema hajapata kumsikia kijana akiukaribisha mradi kwa maneno matamu namna ile. Bwana Abubakar alisimama, mkono kifuani, akanishukuru mimi na wazazi walionilea. Lynnette alinirekodi. Nimo mtandaoni sasa, chini ya maneno "Wenyeji Wamekubali".

Jirani yetu Mzee Suleiman, ambaye hukaa barazani kwake kutwa kucha kuhakikisha hakuna habari inayompita, aliniambia nimesema vyema sana, ila ningegusia na soda. Zilikuwa za moto.

Pilau ilikuwa nzuri. Naandika hilo kwa kuitendea haki historia.

Ijumaa, 8 Agosti

Foromani wa mjengo alipiga hodi kuomba maji ya kunywa. Anaitwa Dancun, mtu wa Siaya, mrefu, kofia ya manjano. Akamwita Bibi "shosh", yaani nyanya kwa lugha yao ya vijana. Nilingoja Bibi amfunze adabu. Badala yake alicheka mpaka akashika ukuta, akampa maji, akampa na mhogo wa nazi, na mlangoni pale pakawa na mazungumzo yasiyokwisha. Nikamsikia akimwambia kwamba alasiri yeye hukaa pale uani kichwa wazi. Mambo ya nywele zake, anamweleza foromani! Dancun akatazama chini, akasema, "Nimekupata, shosh."

Alichopata ni mhogo.

Baadaye nilimweleza Bibi kwamba mtu hampi adui siri za ngome. Akanijibu kwamba yeye hana ngome, ana ua, na mhogo umebaki kidogo kama nataka. Maskini Bibi. Anadhani dunia inaendeshwa kwa kuomba.

Mimi nimepata wazo.

Ndani ya mabati, upande wa barabarani, kuna kitako cha mawe na saruji. Zamani kilibeba mashine ya kusaga unga. Mashine iliuzwa chuma chakavu kabla sijazaliwa, kitako kikabaki, magugu yakaota. Kirefu kama mtu aliyelala. Ukikitazama kwa nia njema, ni kaburi.

Ukikitazama kwa nia mbaya pia.

Jumapili, 10 Agosti

Limefanyika!

Mafundi leo hawapo, na mlinzi alikuwa kanisani. Nikapenya kwenye pengo la mabati na mfuko wangu: kitambaa cheupe, kitambaa cha kijani, marashi, ubani, na kile chetezo cha Bibi kilichovunjika sikio. Nikang'oa magugu. Nikafunga vitambaa kwenye kijiti. Nikafukiza, nikanyunyiza, nikatoka. Mabati yamenirarua buibui toka kwapani hadi kiunoni. Hakuna anayeujua upweke wa mtu anayeokoa mtaa wake.

Ikabaki kumwambia mtu mmoja tu, kwa siri. Nikaenda kwa Mzee Suleiman. Shikamoo, marahaba, habari za magoti. Kisha nikamnong'oneza kwamba katika masomo yangu nimeona huenda, nikasisitiza huenda, kona ile ina kaburi la mtu mwema wa zamani. Nikamsihi asimwambie mtu. Akaapa, wallahi, hata mkewe hatamwambia.

Adhuhuri mtaa mzima ulikuwa na habari. Alasiri marehemu alikuwa na jina: Shehe Mbwana. Mimi sikumpa jina! Mzee Suleiman amemkumbuka. Amekumbuka kwamba alimsomesha babu yake, kwamba alikuwa mfupi, asiyependa makelele, na kwamba siku moja aliwakemea mbu wakahama Likoni kwa msimu mzima. Chuoni tulifundishwa kwamba shahidi mmoja hatoshi. Kufika Magharibi walikuwa wanne, na kuhusu mbu hakuna aliyepinga.

Sasa nione nani atachimba msingi hapo.

Jumanne, 12 Agosti

Wanakuja kwa makundi. Mabati yamefunuliwa ili watu wapite. Mama mmoja katoka Mtongwe na mwanawe asiyeamka asubuhi kwenda shule. Mwingine anamwombea bintiye mume; alinitazama juu mpaka chini, akaniambia nami niombe, pana nafasi. Nikamwambia nina shahada. Akasema ndiyo sababu.

Nikaenda kumtazama Lynnette akikunja mwavuli wake. Hakuwa akikunja. Kaongeza kiti cha pili! Anauza "fleti za baraka" sasa, na zile zinazotazama kaburi zimekwisha zote. Kajitanda mtandio, tena kaufunga vizuri kuliko mimi. Kajifunza na kusema inshallah. Mteja akimwuliza kama lifti itakuwepo, anajibu inshallah. Hilo, lazima nikiri, kalitumia mahali pake.

Alasiri akafika Bwana Abubakar mwenyewe. Nikajibanza kando ya mabati. Alivua viatu. Akasimama mbele ya kitako cha mashine ya unga, akainua mikono, akalia. Machozi ya kweli! Kisha akawageukia watu akasema yeye ni mtoto wa hapa hapa, na madamu yu hai, kaburi la Shehe Mbwana halitaguswa, hata jiwe moja.

Ushindi! Nimejitengenezea sharubati ya ukwaju na kuinywa peke yangu chumbani, kwa heshima yangu.

Jumatano, 13 Agosti

Sijala.

Asubuhi nilisikia nyundo, karibu mno. Nikapanda ndoo, nikachungulia juu ya ukuta. Dancun na vijana wake walikuwa waking'oa vigingi kule barabarani na kuvipigilia huku. Kamba mpya. Chokaa mpya. Mstari unapita chini ya ukuta wetu, karibu kiasi kwamba ningeweza kuufuta kwa ufagio.

Nikamwuliza, kwa upole wa mtu anayezama, anafanya nini. Akasema kaburi liko mbele, kwa hivyo jengo limerudi nyuma. Pale palipokuwa pawe mahali pa magari, kati yao na sisi, ndipo ghorofa zitakaposimama. Magari yatakaa mbele na shehe. Mtu akipiga chafya kule juu, sisi huku chini ndio tutakaomwombea rehema.

Angenyamaza hapo ningekufa mara moja tu. Hakunyamaza. Alinieleza kwamba Ijumaa ile, mhogo haujashuka tumboni, alimwendea Bwana Abubakar akamwambia jirani wa nyuma ni mama mtu mzima, hukaa uani kichwa wazi. Bwana Abubakar akakubali ramani igeuzwe: ngazi na ukuta mtupu upande wetu, roshani zote zitazame barabara. Ilikwisha kupangwa! Lakini sasa watu wanakuja kuzuru, kwa hivyo mlango lazima umwelekee shehe, na ngazi huufuata mlango. Roshani zimerudi kwetu. Zote.

"Hiyo kaburi imewaharibia, sister," akasema. Akaniuliza kama namjua aliyelivumbua.

Nikamwambia ni wazee.

Alasiri vijana wa mjengo walikuwa wamesimama juu ya lori la kokoto, wanashusha. Bibi akatoka na mkeka wake. Akawaona. Akajifunga leso mpaka chini ya kidevu, akaketi hivyo. Uani mwake. Upepo ulikuwepo, lakini haukuwa na pa kupita. Nilijifanya naanika nguo. Nguo zilikuwa kavu.

Alhamisi, 14 Agosti

Niliufuta mstari kwa ufagio, alfajiri, kabla hawajaingia kazini. Wote, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kazi safi.

Walipofika, Dancun aliona chokaa haipo, akalaumu umande, akaamrisha ichorwe tena. Kijana aliyetumwa hakuona haja ya kupima upya. Ameufuata ukuta wetu, maana umenyooka. Jengo limesogea tena.

Sina la kuandika zaidi leo.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamua kusema kweli. Msomi akiishiwa na mbinu zote, hiyo hubaki.

Baada ya swala ya Ijumaa, kona ilipojaa, nikasimama kando ya kaburi. Salamu safari hii nilizikata. Watu wengine walikunja uso tangu hapo. Nikatangaza kwamba kile ni kitako cha mashine ya unga, hakuna shehe aliyelala pale, na utafiti wangu ulikuwa na kasoro. Sikusema nani alifunga vitambaa. Hata kweli ina kiasi chake.

Mzee Suleiman alinionea huruma mbele ya kadamnasi. Alisema masomo yakizidi huanza kula imani, yakimaliza hula usingizi, na nitazamwe tu macho yangu. Mama wa Mtongwe akataka nimweleze, basi, kwa nini mwanawe siku hizi anaamka mwenyewe. Lynnette akanishika bega na kunipa chupa ya maji. Alikuwa na uso wa huruma halisi! Sitamsamehe.

Nikakimbia nyumbani kumleta Bibi. Shahidi aliyeona kwa macho! Bibi hapendi mikusanyiko, lakini uongo haupendi zaidi. Akaja. Akasema, taratibu, kwamba ujana wake wote alisaga mahindi pale, juu ya jiwe lile lile, na foleni ilikuwa ikifika barabarani.

Watu wakalitazama jiwe. Nikaona nimeshinda.

Mzee Suleiman akafumba macho. Kisha akamwuliza: "Na unga wake, Bi Mwanasaumu, ulikuwaje?"

Bibi, mkweli wangu maskini, akajibu kwamba ulikuwa laini mno. Hajauona unga laini vile tena mpaka leo.

"Basi!" akasema Mzee Suleiman, akawageukia watu. Shehe alikuwa chini, mashine juu yake. Unga ungekosaje kulainika?

Watu wakamswalia Mtume. Kufika Magharibi walikuwa wanaleta pakiti za unga kutoka dukani kuzigusisha kwenye jiwe.

Tukirudi nyumbani Bibi aliniuliza kama nimekiona chetezo chake, kile kilichovunjika sikio. Nikasema la. Akasema yeye amekiona.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefikiri siku nzima ya jana, na nimelipata kosa. Kosa halikuwa uongo. Kosa lilikuwa mahali. Nilimweka shehe mbele, jengo likarudi nyuma. Ni jambo la kimaumbile, hata mtoto angeliona. Akipatikana mwingine nyuma, jengo litabanwa katikati mpaka likose pa kusimama.

Na Shehe Mbwana, mtu mchamungu vile, kweli alikaa bila mke?

Asubuhi nilikuwa barazani kwa Mzee Suleiman. Tumepatana, nilimwomba radhi kwa maneno ya Ijumaa, akasema alijua ni homa. Nikamnong'oneza kwamba mke wa shehe huenda kalala huku nyuma, pale chokaa inapopita, nje kidogo ya ukuta wetu. Asimwambie mtu. Akaapa, wallahi.

Adhuhuri, mambo ya ajabu. Bwana Abubakar alipiga hodi kwetu, na Dancun nyuma yake kavua kofia. Kumbe Bibi kamwita. Kamwita tu, kama mtu anavyoita mtoto wa jirani! Akamkaribisha, akamwonyesha karai lililoegemea ukuta, akamwambia, "Mwanangu, nimekuogesha kwenye karai lile mama yako alipolazwa, kwa hivyo mimi na wewe hatuoneani haya." Akamwambia analolitaka ni moja, kukaa uani kwake kichwa wazi mpaka siku yake itakapofika. Hakuwa na hoja kumi na moja. Hakuwa hata na mbili.

Bwana Abubakar alitazama sakafu. Dancun akasema kwamba roshani za upande huu zinaweza kuzibwa kwa matofali ya matundu toka chini mpaka juu: upepo upite, mwanga upite, macho yasipite. Bwana Abubakar akakubali pale pale, akamwapia Bibi, akala mhogo, akaomba na wa kubeba.

Walipotoka Bibi alivua leso.

Nimefurahi, bila shaka. Lakini tuseme ukweli: ni ahadi ya mdomo, iliyotolewa na mtu mwenye mhogo mdomoni. Huwezi kuusimamisha ua juu ya kitu kama hicho. Sikumwendea Mzee Suleiman kumzuia.

Na nilifanya vyema! Jioni hii kaja mwenyewe, anahema. Amekumbuka. Alisema nilikuwa karibu sana, ila nimepotoka hatua chache. Mke wa shehe, Bi Ummi, alikuwa mwanamke wa staha. Asingelazwa nje ya ukuta, njiani, apitiwe na watu. Yumo ndani. Ndani ya ua wetu, baina ya pipa na jiko, pale pale Bibi anapotandika mkeka. Watu wamekwisha kuarifiwa. Wanakuja kesho baada ya adhuhuri, wanaume kusoma dua, wanawake kufukiza, na mama wa Mtongwe kakodi gari kubwa. Lynnette kajitolea kupanga foleni.

Ndani ya ua wetu! Hata mimi sikuthubutu kufikiri kwa ukubwa huo. Nani atajenga roshani juu ya kaburi la mke wa shehe? Bwana Abubakar ataliondoa jengo zima kwa mikono yake, huku analia. Ua umeokoka, na umeokolewa na utafiti.

Bibi sijamwambia. Yuko pale kwenye mkeka, kichwa wazi, nywele kazifumua, upepo unampitia. Amestarehe mno, ni dhambi kumsumbua. Atajua kesho, watakapopiga hodi.